Kuvuka Tunduma au Kasumulu kwa basi: mwongozo kwa mwanamke anayesafiri peke yake

Kutoka Mbeya mjini unaweza kufika nchi mbili za jirani kabla ya chakula cha mchana. Barabara ya magharibi inapita Mbalizi, Mlowo na Vwawa hadi Tunduma, takriban kilomita 100, na ng'ambo yake ni Nakonde, Zambia. Ile inayochepuka Uyole kwenda kusini inapanda Isyonje, inateremka Kiwira na Tukuyu hadi Kasumulu wilayani Kyela, mwendo unaokaribiana na huo, na ng'ambo ya Mto Songwe ni Malawi. Wanawake wanavuka huko kila siku: wachuuzi wa vitenge, wanafunzi, wanaokwenda kumwona mgonjwa, wanaokwenda msibani. Safari yenyewe si ya kuogopa. Inataka mpangilio wa saa tu, kwa sababu balaa nyingi za mpakani huanzia kwenye kuchelewa. Giza limeingia, basi limeondoka, hela imebadilishwa kwa haraka, na yule wa kwanza aliyesema "njoo dada nikusaidie" ndiye anayebaki kuwa msaada pekee.

Kwa hiyo panga safari kwa kurudi nyuma. Amua kwanza utalala wapi na uwe umefika huko saa ngapi kabla jua halijazama, ndipo uhesabu saa ya kuondoka Mbeya.

Karatasi, wiki mbili au tatu kabla

Pasi ya kielektroniki ya Tanzania ni shilingi 150,000, yaani 20,000 za maombi na 130,000 za pasi yenyewe. Fomu inajazwa mtandaoni kwenye tovuti ya Uhamiaji, kisha unakwenda ofisini kukamilisha. Kwa safari ya mara moja ipo hati ya dharura ya safari, nayo hutolewa na Uhamiaji. Ni nafuu na hutoka haraka, lakini kabla ya kulipia uliza wazi kama inakufikisha nchi unayokwenda na itaisha lini. Mwenye pasi ahakikishe ina miezi sita mbele na kurasa mbili tupu. Mtanzania anayekwenda kutembea haombi viza ya Zambia wala ya Malawi. Hiyo haina maana kwamba unakaa utakavyo: siku zako ni zile afisa alizoandika kwenye muhuri, na ukizipitisha unalipa faini au unalala mahabusu.

Kadi ya njano, yaani cheti cha chanjo ya homa ya manjano, uwe nayo hata kama jirani yako alivuka bila kuulizwa. Inaanza kuhesabiwa siku 10 baada ya sindano, na tangu mwaka 2016 sindano moja ni ya maisha. Anayechoma leo ili asafiri kesho atakuwa na kadi ambayo bado haijaanza kufanya kazi. Kadi zinazouzwa vichochoroni bila sindano ni kosa la kughushi, mbali na kwamba hazikukingi na chochote. Kama una mimba au unanyonyesha mtoto aliye chini ya miezi tisa, usiombe sindano hiyo kimya kimya. Mweleze daktari, na akiona haifai kwako akuandikie cheti cha msamaha cha kuonyesha mpakani.

Ukiwa na mtoto, beba cheti chake cha kuzaliwa na barua ya ridhaa ya baba iliyothibitishwa na wakili. Hata kama ni mwanao wa kumzaa, jina lake la ukoo likiwa tofauti na lako utaulizwa. Usiudhike. Watoto husafirishwa kwa wizi kupitia mipaka hiyohiyo.

Dawa nazo zina mambo yake. Zambia ni wakali kwa dawa ambazo huku tunanunua dukani bila kufikiri, hasa za kikohozi na mzio zenye diphenhydramine au codeine. Soma kiboksi. Kama unazihitaji kweli, beba na cheti cha daktari, na uziache kwenye kifungashio chake. Usizimwage kwenye mfuko mmoja na panadol.

Piga picha ukurasa wa pasi wenye sura yako na kadi ya njano, umtumie dada au rafiki kwa WhatsApp pamoja na jina la basi, namba za usajili na anwani unayofikia. Kubalianeni saa za kuwasiliana, na mkubaliane pia afanye nini usipopatikana. Kumwambia tu "nitakupigia nikifika" hakumsaidii yeye wala wewe.

Kuna jambo moja linalohusu wasichana zaidi. Kama safari yako imelipiwa na mtu aliyekuahidi kazi ng'ambo, ya ndani, ya saluni au ya baa, na akakuambia umwachie pasi yako, au useme mpakani kwamba unakwenda kwa shangazi, shuka kwenye basi kabla hamjafika. Ndivyo usafirishaji wa binadamu unavyoanza, na anayekusindikiza mara nyingi ni mwanamke mpole anayekununulia soda njiani. Kazi halali ng'ambo ina kibali, na kibali kina jina lako.

Kufunga mzigo

Begi moja unaloweza kulibeba mwenyewe mita 500 bila kupumzika, na mkoba mdogo usiotoka mwilini. Ukiwa na mabegi matatu utahitaji mbebaji, na mbebaji atakwenda njia anayoitaka yeye. Ndani ya mkoba viingie:

- pasi, kadi ya njano na kalamu yako mwenyewe
- fedha ya siku hiyo tu. Nyingine iwe kwenye mfuko ulioshonwa ndani ya nguo
- pedi, tishu, kipande cha sabuni na chupa ndogo ya maji ya kunawa
- khanga doti moja
- betri ya akiba ya simu na tochi ndogo

Khanga ndiyo kifaa cha maana kuliko vyote hapo. Mabasi mengi husimama porini abiria wachimbe dawa, na kichaka cha kando ya barabara hakina mlango. Vaa sketi pana au dera, funga khanga juu, na nendeni wanawake wawili watatu upande mmoja, mmoja akiwa amesimama. Mwambie konda kabla hujashuka, "Kaka, mimi wa siti ya tisa nashuka, unisubiri." Akijua namba yako atakuhesabu. Usiache kunywa maji ili kukwepa haja. Joto la Kyela halina msamaha kwa mtu aliyekaa mkavu tangu alfajiri, na maumivu ya mkojo yakikuanza katikati ya safari ni shida kubwa kuliko kichaka.

Joto hilo pia ndilo linalodanganya wanaofunga mzigo Mbeya. Mji uko mita 1,700 juu ya usawa wa bahari na asubuhi ya Juni au Julai unatoka na koti. Kasumulu iko karibu na Ziwa Nyasa, chini ya mita 600, na saa nne umeanza kuloa jasho. Vaa tabaka zinazovulika.

Kuchagua gari na siti

Yapo mabasi ya moja kwa moja ya Dar es Salaam kwenda Lusaka yanayopita Mbeya. Faida yake ni kwamba hubadilishi gari. Hasara yake ni saa: linaweza kuipita Mbeya usiku na kufika mpakani wakati hujui nani ni nani. Kwa anayetokea Mbeya, ushauri wetu ni kukata safari vipande viwili: kosta au basi la asubuhi hadi mpakani, uvuke kwa miguu yako mchana, kisha upande gari la upande wa pili. Unatumia saa moja zaidi, lakini kila uamuzi unaufanya kukiwa na mwanga.

Stendi, mpite mpiga debe uende moja kwa moja dirishani au kwa konda aliye mlangoni mwa gari. Mpiga debe analipwa kwa kichwa. Atakuambia gari linaondoka "sasa hivi" wakati lina abiria wanne. Hesabu mwenyewe waliokaa. Tiketi iandikwe jina lako, namba ya siti na nauli uliyolipa. Begi likiingia kwenye buti, subiri mpaka buti lifungwe, na ukipewa stika ya mzigo ibandike nyuma ya tiketi.

Wengi hushauri siti ya dirishani. Kwa mwanamke aliye peke yake sisi tunashauri ya koridoni, mstari wa pili hadi wa nne. Dirishani, jirani akianza kukubana au kukuwekea mkono huna pa kutokea bila kumpita yeye. Koridoni unasimama tu na kuhama. Ukikata tiketi mapema omba kukaa na mwanamke mwenzako. Makarani wanaelewa na hawaoni ajabu.

Maneno yana nguvu kwenye basi. Kijana anayekuchangamkia kupita kiasi mwite "mdogo wangu", mzee mwamkie "shikamoo" halafu umwite "baba" katika kila sentensi. Ni vigumu mtu kumtongoza anayemwita baba mbele ya abiria. Ukiulizwa unakwenda wapi, jibu la adabu linatosha: "Kaka yangu ananisubiri pale getini." Na mkono ukivuka mpaka, usinong'one. Sema kwa sauti ya kawaida iliyo wazi, "Baba, ondoa mkono wako," kisha mwite konda. Abiria wa kwetu huingilia wakijua kuna jambo, ukinyamaza hawajui.

Tunduma, hatua kwa hatua

Ondoka Mbeya saa 12 asubuhi, saa 1 ikizidi sana. Safari ni saa mbili hadi tatu, na kinachoirefusha mara nyingi ni foleni ya malori kabla ya mji.

1. Gari likikwama kwenye foleni na abiria wakaanza kushuka, shuka nao. Chukua bajaji kuliko bodaboda ikiwa una begi kubwa. Patana bei kabla mzigo haujanyanyuliwa, na taja unakokwenda kwa ukamilifu: "kwenye jengo la Uhamiaji na forodha." Ukisema "mpakani" tu unaweza kushushwa popote, kwa sababu nyumba za Tunduma na Nakonde zimeshikana na vichochoro vinavuka bila kibao.

2. Kataa njia ya panya hata ikiwa fupi na hata kama wenyeji wanapita mbele ya macho yako. Wanyamwanga wako pande zote mbili na wanajuana; wewe hujulikani. Pasi isiyo na muhuri wa kuingia itaonekana kwenye kizuizi cha barabarani ndani ya Zambia, ukiwa peke yako na basi likikusubiri kwa dakika chache tu.

3. Tangu mwaka 2019 mpaka huu unafanya kazi kama kituo cha pamoja. Anayetoka anahudumiwa na nchi zote mbili katika jengo la nchi anayoingia. Ukienda Zambia, unamalizia kila kitu jengo la Nakonde: dirisha la Uhamiaji wa Tanzania la kutoka, kisha la Zambia la kuingia. Ukirudi, yote yanafanyika Tunduma. Hapa ndipo vishoka wanapowapata wageni, kwa kuwaambia wamepitiliza na wanahitaji mtu wa kuwarudisha kugonga muhuri. Ukichanganyikiwa muulize mwenye sare, na umfuate huyo.

4. Pasi isimame dirishani pamoja na mwenye pasi. Ukiwa kwenye basi la moja kwa moja, konda anaweza kukusanya pasi za abiria wote. Mwambie kwa upole utaibeba mwenyewe. Maswali ni matatu: unakwenda wapi, kwa nani, siku ngapi. Jibu kwa ufupi na kwa kweli, uwe na anwani imeandikwa.

5. Kabla hujaondoka dirishani fungua pasi utazame. Muhuri wa kutoka upo? Wa kuingia upo? Tarehe ni ya leo? Siku zilizoandikwa zinatosha? Kosa la tarehe linarekebishwa pale pale kwa dakika moja. Ukiligundua Lusaka ni kesi nyingine.

6. Muhuri haulipiwi. Malipo yoyote halali ya serikali ya Tanzania yana namba ya kumbukumbu ya malipo na risiti. Ukiombwa hela mkononi, omba risiti kwa utulivu na usimame hapohapo mbele ya watu. Mwaliko wa kwenda "kuongea ofisini" peke yako ujibu kwa kuomba awepo afisa wa kike. TAKUKURU wanapatikana kwa 113 bila malipo.

7. Usibebe wala usishike mzigo wa mtu, hata wa mama mwenye mtoto mgongoni anayekuomba umvushie kifurushi kimoja. Kikikutwa mkononi mwako ni chako.

Fedha na saa

Hapa ndipo watu huibiwa bila kuguswa. Badilisha benki au kwenye duka la fedha lenye leseni, upande wowote. Wabadilishaji wa barabarani wenye mabunda mkononi wana mbinu zinazojulikana: kikokotoo kilichochezewa, noti zilizokunjwa katikati zihesabiwe mara mbili, na kelele za "polisi hao!" pale unapohesabu. Yupo pia anayempa mgeni noti za zamani. Zambia iliondoa sufuri tatu kwenye kwacha yake mwaka 2013, na noti za kabla ya hapo hazinunui kitu. Noti ya kwacha 50,000 ikupe wasiwasi mara moja. Kumbuka vilevile kwamba kwacha ya Zambia na kwacha ya Malawi ni fedha mbili tofauti kabisa, na thamani zake ziko mbali sana. Soma jina la benki kuu kwenye noti.

Piga hesabu nyumbani kwa simu yako. Kwa mfano tu, kama siku hiyo kwacha moja ya Zambia ni shilingi 100, shilingi 200,000 zikupe kwacha 2,000. Andika jibu kwenye karatasi kabla hujafika. Fedha ya kwenye simu itoe kwa wakala Mbeya au Vwawa, maana ukishavuka huenda usipate wakala wa laini ya Tanzania.

Zambia na Malawi ziko nyuma yetu kwa saa moja. Saa 4 asubuhi Tunduma ni saa 3 Nakonde. Simu ikijirekebisha yenyewe hapo mpakani itarukaruka, kwa sababu inakamata minara ya pande zote. Weka saa kwa mkono, na uzime data ya nje ya nchi isije ikala salio. Huko hawahesabu saa kwa Kiswahili chetu. Wakikuambia basi ni la saa 14, maana yake ni saa nane mchana kwa saa zao, saa tisa kwa zetu.

Kutoka Nakonde

Lusaka ni kama kilomita 1,000. Kanuni ya Zambia ya mwaka 2016 inazuia mabasi ya abiria kutembea kati ya saa 3 usiku na saa 11 alfajiri. Kwa hiyo basi linaloondoka mchana litasimama mahali usiku, na wengi watalala kwenye siti. Kabla ya kulipa uliza mambo mawili: linaondoka saa ngapi, na usiku litasimama mji gani. Kama jibu la pili halieleweki, tafuta chumba Nakonde hukohuko, karibu na stendi, upande basi la alfajiri linalomaliza safari siku hiyohiyo. Au katiza safari Mpika, mji ulio njiani.

Gesti itazame kabla ya kulipa. Komeo la ndani linafanya kazi? Dirisha linafungika? Mapokezi kuna mtu usiku kucha? Zile zilizopakana na maegesho ya malori zina baa na kelele hadi alfajiri, na kugongewa mlango ni kawaida. Sogea mitaa miwili nyuma. Usitaje namba ya chumba kwa sauti, na usimwambie dereva wa bajaji kwamba uko peke yako. Nakonde Kiswahili kinatosha. Ukisonga ndani, "muli shani" ya Kibemba inafungua mazungumzo vizuri.

Kasumulu

Mpaka huu ni mtulivu kuliko Tunduma, na utapeli wake mkubwa uko Mbeya penyewe. Wapo wanaouza tiketi ya "Malawi moja kwa moja" kwenye kosta zisizovuka. Nyingine huishia Tukuyu, nyingine Ibanda, kilomita chache kabla ya mpaka. Usimuulize mpiga debe, waulize abiria wawili waliokwisha kukaa, "Mama, hili linafika Kasumulu mpakani?" Lipa nauli ya kufika Kasumulu tu. Ukishushwa njia panda, malizia kwa bajaji.

Vuka daraja la Mto Songwe, uhakikishe umegonga muhuri wa kutoka na wa kuingia, kisha tafuta gari la Karonga, mwendo usiofika saa moja. Usipande teksi ambayo wewe ndiye abiria pekee; subiri ijae, hata kama dereva ana haraka. Wanyakyusa na Wangonde wanasikilizana pande hizi, hivyo salamu ya "ugonile" itakusaidia pande zote mbili. Lala Karonga kama jua linashuka. Masika, ukungu wa Isyonje na mvua za Rungwe hupunguza mwendo sana. Ongeza saa moja kwenye mpango wako, na beba chandarua au dawa ya mbu.

Mambo yakiharibika

Pasi ikipotea, nenda polisi wa nchi uliyopo siku hiyohiyo uandikiwe taarifa, kisha wasiliana na ubalozi wa Tanzania, Lusaka au Lilongwe. Zile picha ulizomtumia dada ndizo zitakazoharakisha kazi. Ukidhalilishwa au kushambuliwa upande wa Tanzania, piga 112 na uulize Dawati la Jinsia na Watoto katika kituo cha polisi. Zambia na Malawi vituo vya polisi vina kitengo kinachosaidia waathirika wa ukatili. Baada ya kubakwa, fika hospitali ndani ya saa 72, na mapema zaidi ni bora, kwa ajili ya dawa za kuzuia maambukizi ya VVU na mimba. Usioge wala kufua nguo ulizovaa kabla hujapimwa.

Ukirudi, dai muhuri wa kutoka hata kama foleni ni ndefu, na usije na mifuko ya plastiki ya kubebea bidhaa: Tanzania iliipiga marufuku tangu tarehe 1 Juni 2019, na itachukuliwa hapo getini na vitu vyako vibaki mikononi. Rudisha saa mbele, uhesabu tena kama kosta ya Mbeya utaiwahi kabla ya jioni. Ikiwa umechelewa, Vwawa kuna vyumba, na asubuhi magari ni mengi.